Wati ngapi zinatosha? Kupanga nguvu ya kurusha kwenye redio za mkononi

Redio nyingi za mkononi, hizi ambazo wazee bado wanaziita simu za upepo, hutoka dukani zikiwa kwenye nguvu ya juu na hubaki hapo mpaka zinakufa. Walinzi wanayajua matokeo yake. Saa nane usiku betri inaanza kulia, redio mbili zikikaribiana getini zinapiga mluzi, na watu wa jengo la mtaa wa pili wenye masafa hayohayo wanalalamika kuwa wanafunikwa. Hapa tunaeleza jinsi ya kushusha nguvu hadi kiwango kinachotosha, jinsi ya kuipandisha pale tu inapodaiwa, na jinsi ya kujua kwamba tatizo ulilonalo halihusu wati kabisa.

Mifano yetu ni redio zinazokutwa zaidi mikononi mwa watu: Baofeng UV-5R na BF-888S, Motorola GP340 za ofisini, na redio za baharini. Nyingine hutofautiana kwa majina ya vitufe tu.

Jambo la kwanza ni karatasi. Leseni ya masafa, iwe ya TCRA Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano Kenya au UCC Uganda, ndiyo inayokupa masafa na masharti ya kuyatumia, wati zikiwamo. Usizidishe. Redio ulizoletewa zawadi kutoka nje nazo ziangalie vizuri: zile ndogo za Ulaya za PMR446 zimefungwa kwenye nusu wati, na za Marekani za FRS hufika wati 2 kwenye masafa ya MHz 462 na nusu wati kwenye MHz 467, masafa ambayo huku yanaweza kuwa ya mtu mwingine mwenye leseni yake.

Wati zinanunua umbali kiasi gani

Kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kutoka wati 1 kwenda 4 ni ongezeko la desibeli 6. Mahali peupe kabisa, antena zikionana, hilo linatosha kuzidisha umbali mara mbili. Lakini mjini, kwenye kuta, mabati na miti, mawimbi hufifia haraka zaidi, na makadirio yanayotumika ni kwamba ukitaka umbali mara mbili unahitaji nguvu mara 16. Kwa hesabu hiyo, wati 4 badala ya 1 zinakupa umbali mara 1.4 hivi: aliyekuwa anapotea kwenye mita 500 sasa atapotea kwenye 700. Ukinunua redio ya wati 8 kama BF-F8HP, zile mita 700 zinakuwa 830. Na betri inalipa.

Kimo cha antena kinafanya kazi kubwa kuliko hiyo. Chukua urefu wa kila antena kutoka ardhini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, jumlisha vipeuo vyote viwili, zidisha kwa 4.12: hizo ndizo kilomita za upeo wa mawimbi kwenye tambarare au baharini. Watu wawili walioshika redio kwa kimo cha mita 1.5 wanapata kilomita 10. Mmoja akipanda kwenye paa la mita 25, zinakuwa 25 na ushei, bila kuongeza hata nusu wati.

Sasa betri. Kijitabu cha UV-5R kinataja ampea 1.4 wakati wa kurusha kwa nguvu ya juu, miliampea 380 wakati wa kupokea na 75 ikiwa imetulia. Ukishusha nguvu, umeme haushuki hadi robo, kwa sababu transista ya mwisho haifanyi kazi kwa ufanisi ikiwa na mzigo mdogo. Utakuta kati ya ampea 0.5 na 0.7, tuchukue 0.6. Mlinzi anayeongea asilimia 10 ya muda wake, anasikiliza asilimia 10, na muda uliobaki redio imekaa kimya, anatumia wastani wa miliampea 238 kwenye nguvu ya juu. Betri ya 1800 inampa saa saba na nusu: akiingia lindo saa 12 jioni, saa saba na nusu usiku hana redio. Kwenye nguvu ya chini wastani ni 158, na anafika saa 11 na dakika ishirini alfajiri. Hiyo ni betri mpya. Iliyochoka ikate angalau theluthi.

Kuna na joto. Ampea 1.4 kwa volti 7.4 ni wati 10 na kidogo, zinazoenda kwenye antena ni 4, zilizobaki zinapasha mgongo wa redio. Hivyo mtu anayetoa hotuba ya dakika mbili bila kuachia kitufe anaikaanga transista yake mwenyewe. Weka kikomo cha muda wa kurusha kwenye sekunde 60 (menyu ya 9, TOT) na tabia hiyo itakoma.

Kuhusu jirani: redio hizi ni za FM, na kipokezi cha FM kikipata mawimbi mawili kwenye masafa yaleyale hushika lile lenye nguvu na kulifuta la pili. Hutasikia wawili wakigongana kama kwenye AM. Utakachosikia ni mmoja, na yule aliyefunikwa hata hajui kama amefunikwa. Nguvu ya ziada ambayo wewe huihitaji inaweza kuwa inamnyamazisha mtu kilomita kadhaa mbali.

UV-5R kwa kutumia vitufe

Ili kubadili nguvu ya chaneli uliyomo kwa muda mfupi, bonyeza # mara moja, kwa haraka. Herufi L ikitokea juu ya skrini, uko chini. Ikipotea, uko juu. Ukiishikilia # zaidi ya sekunde mbili unafunga vitufe, jambo ambalo ndilo tunalotaka baada ya kumaliza kupanga, maana # inabonyezeka yenyewe mfukoni na mtu anashinda anajiuliza kwa nini leo hasomeki (hasikiki kwa wenzake).

Kuihifadhi kwenye chaneli ni safari ndefu kidogo:

1. Bonyeza VFO/MR mpaka namba ndogo ya chaneli iliyo pembeni ipotee. Sasa uko kwenye masafa.
2. Kwa kitufe cha A/B, weka mshale kwenye mstari wa juu. Uhifadhi wa chaneli hufanyika vizuri kutoka mstari huo tu.
3. Zima usikilizaji wa mistari miwili: MENU, 7, MENU, mshale hadi OFF, MENU, EXIT. Ukiuacha, unaweza kupanga mstari mmoja huku ukirusha kwenye mwingine.
4. Andika masafa yako ya leseni, tarakimu sita. Kama mtandao wenu una toni (mlio usiosikika unaofungua redio ya anayepokea), iweke kwenye menyu ya 13 kwa kurusha na ya 11 kwa kupokea.
5. MENU, 2, MENU, mshale hadi LOW, MENU, EXIT. Hakikisha L imetokea.
6. Kama namba ya chaneli tayari ina kitu, ifute kwanza: MENU, 28, MENU, chagua namba, MENU, EXIT. Redio haitaki kuandika juu ya chaneli iliyojaa.
7. MENU, 27, MENU, chagua namba, MENU, EXIT. Kwa mawasiliano ya moja kwa moja umemaliza. Kwa ripita (kituo kinachopokea mawimbi yako na kuyarusha tena), andika sasa masafa ya kurushia na urudie hatua hii kwa namba ileile.
8. Rudi kwenye chaneli kwa VFO/MR, zima na uwashe, tazama kama L bado ipo.

Ushauri wetu: hifadhi masafa yaleyale mara mbili, chaneli ya 1 kwa nguvu ya chini na chaneli ya 2 kwa ya juu. Mtumiaji anaelekezwa neno moja tu: "Usiposomeka, nenda mbili." Hakuna anayehitaji kujua menyu.

Redio zisizo na skrini

BF-888S haina pa kubonyeza. Nguvu hupangwa kwa kompyuta, chaneli kwa chaneli, na programu ya bure ya CHIRP inatosha. Unahitaji kebo ya pini mbili aina ya Kenwood. Nunua yenye chipu ya FTDI; zile za bei poa hubeba chipu bandia ya Prolific ambayo Windows hukataa kuitambua, na unaweza kupoteza mchana mzima ukidhani redio ni mbovu.

Zima redio, sukuma pini mpaka zilie kidogo kwa kuingia, kisha iwashe, chaneli tupu isiyo na mazungumzo. Plastiki ya kebo nyingi ni nene kiasi kwamba inagota kwenye ganda la redio kabla pini hazijafika mwisho. Ikunje au uikwangue kwa kisu milimita moja hivi. Kosa la "redio haijibu" mara nyingi ni hilo tu. Kwenye CHIRP chagua "Download From Radio", chagua modeli kamili, na kabla hujagusa chochote hifadhi faili hiyo kwa namba ya redio. Ndipo uende safu ya Power, ubadili High kuwa Low kwenye chaneli unazotaka, na umalizie kwa "Upload To Radio".

Usichukue faili la redio moja ukalimwaga kwenye nyingine hata kama zinafanana kama mapacha, kwa sababu toleo la programu ya ndani linaweza kuwa tofauti. Soma kila redio kwanza, halafu nakili mistari ya chaneli kutoka dirisha moja kwenda jingine. Vilevile, redio ya ngazi tatu za nguvu ukiifungua kwa jina la UV-5R ya kawaida, utaona ngazi mbili na hutajua uliyoichagua ni ipi.

GP340 hutumia programu ya Motorola yenyewe. Ya VHF (masafa ya karibu MHz 150) hutoa wati 1 hadi 5, ya UHF (karibu MHz 450) 1 hadi 4. Kila chaneli inaweza kupewa ngazi yake, na mojawapo ya vitufe vya ubavuni inaweza kupewa kazi ya kupandisha na kushusha. Kipe. Ila fahamu kwamba programu hiyo inachagua tu kati ya "juu" na "chini". Wati halisi nyuma ya maneno hayo hupangwa na fundi kwa programu nyingine na mita iliyopimwa.

Kupima kwa miguu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo watu wengi wanaporuka. Weka redio zote kwenye nguvu ya chini. Mmoja akae chumba cha redio, mwingine azunguke kila lindo akiwa amevaa redio kama itakavyovaliwa kazini: kiunoni, maiki begani kama ipo. Kuishika juu kichwani wakati wa kupima ni kujidanganya, kwa sababu mwili ukiwa karibu na antena unakula sehemu kubwa ya nguvu, na mlinzi hatatembea usiku kucha ameinua mkono.

Kila kituo apige wito uleule: jina la lindo, "unanisoma?", kisha ahesabu moja hadi tano. Wa chumbani aandike alama. Tano ni sauti safi. Nne ina mkwaruzo kidogo. Tatu inakwaruza lakini kila neno linashikika. Mbili maneno yanakatakata na inabidi kurudia. Moja ni kelele tu ya kitufe kubonyezwa. Halafu wa chumbani ajibu, na wa nje aandike ya kwake. Pande zote mbili ni lazima. Chumba cha redio chenye betri mpya kinaweza kusikika vizuri kila mahali huku chenyewe hakimsikii mtu.

Usisahau chumba cha jenereta, nyuma ya lifti, maegesho ya chini ya ardhi, stoo ya mabati na ndani ya gari lililofungwa vioo.

Lindo lililopata nne au tano libaki chini. Lililopata tatu, liachie nafasi: betri ikishuka alfajiri litakuwa mbili. Kwa lenye alama tatu au chini yake, kabla ya kupandisha nguvu mwambie mlinzi asogee. Kwenye UHF ya MHz 450 urefu wa wimbi ni sentimita 67, na mashimo ya ukimya yatokanayo na mawimbi yanayogonga kuta huwa kama sentimita 17 mbali na penye nguvu: hatua moja inaweza kukutoa kwenye mbili hadi nne. Kwenye VHF ya MHz 150 unahitaji kusogea nusu mita. Kiti cha mlinzi kikihamishwa hatua mbili toka kwenye nguzo ya zege, tatizo limekwisha kwa bei ya bure.

Likibaki mbili, jaribu nguvu ya juu. Ikipanda hadi nne, hilo ndilo lindo la chaneli ya 2. Ikibaki mbili, acha kufikiria wati. Hapo panahitajika antena ya chumba cha redio kuwekwa juu ya paa, au ripita.

Antena ya mkononi nayo ina neno. Robo ya wimbi la MHz 150 ni sentimita 50, kwa hiyo ile mpira fupi inayokuja na redio imejikunja sana na inapoteza. Antena ndefu kama Nagoya NA-771, ya sentimita 39 hivi, hurudisha sehemu nzuri ya kilichopotea bila kugusa betri. Bandia zake ni nyingi, ipime kwa miguu kabla ya kununua ya pili. Kwa UV-5R chukua yenye tundu la kike, maana pini ya kiume iko kwenye redio.

Kupima wati zenyewe

Si lazima, ila ukiwa na redio kumi na zaidi mita inajilipa. Unahitaji mita ya wati inayosema wazi kwamba inapima MHz 140 hadi 470 (ile ya redio za malori za MHz 27 itakudanganya kabisa), mzigo bandia wa omu 50 (kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena) unaohimili wati 15 au zaidi, na adapta ya kutoka redio hadi mita. Kebo iwe fupi: mita 3 za RG-58 kwenye UHF zinameza karibu moja ya tano hadi robo ya nguvu, nawe utailaumu redio.

Chaji betri ijae, volti 8.4. Unganisha redio, mita, mzigo, kwa mpangilio huo. Bonyeza kitufe sekunde tano, soma, achia, ipumzishe nusu dakika. Rudia kwenye mwanzo, katikati na mwisho wa masafa unayotumia. UV-5R ya wati 4 ikisoma kati ya 3.5 na 4.5 iko sawa. Ikianza 4 na kuteremka hadi 2 ndani ya sekunde hizo tano, shuku betri au vyuma vya mguso vilivyochafuka. Visugue kwa kifutio cha penseli na spiriti. Ikisoma nusu wati kwenye ngazi zote mbili, transista ya mwisho imeungua, kwa kawaida kwa sababu mtu alirusha bila antena au kwa antena iliyovunjika shingo.

Kuna mafundi watakaokuambia wanaweza kuifungua na "kuiongeza". Kataa. Redio iliyosukumwa kupita muundo wake hutapika mawimbi kwenye masafa mengine mara mbili na mara tatu ya lako, inakula betri, na faida yake kwa umbali umeshaiona: mita chache.

Yanayokwama mara kwa mara

Redio mbili zilizo kwenye meza moja, moja ikirusha nyingine inavuma au inakuwa kiziwi: kipokezi kimefurikwa. Shusha nguvu, tenganisheni mita tatu au zaidi.

Unamsikia mtu vizuri yeye hakusikii hata ukiwa mita kumi: hiyo ni toni, linganisha menyu ya 13 yako na ya 11 yake.

Ripita inafunguka lakini sauti yako inakatakata: hapo nguvu ya juu ni halali.

Umesogeza redio mdomoni na sauti inapasuka: si wati, uko karibu mno. Acha sentimita 5, ongea kawaida. Umbali huo pia unaiweka antena mbali kidogo na kichwa chako.

Kwenye machimbo yanayolipuliwa kwa fataki za umeme, na kwenye matangi ya mafuta au gesi, nguvu ya chini haimaanishi salama. Machimboni zima redio kabisa pale msimamizi wa ulipuaji anaposema. Kwenye mafuta tumia redio iliyotengenezwa kwa mazingira ya milipuko tu.

Baharini

Redio ya mkononi ya baharini kwa kawaida ina wati 1 na 5, na kitufe cha H/L kiko wazi. Ndani ya bandari, kati ya boti na boti, au nahodha na mtu wa gatini, 1 inatosha, na chaneli za 15 na 17 zinapotumika kwa mawasiliano ya ndani ya chombo haziruhusiwi kuzidi hapo. Kwenye mkondo wa Pemba au ukielekea Mafia, panda hadi 5 ukiitwa na husomeki, kisha rudi. Wito wa dharura chaneli ya 16, MHz 156.800, ni nguvu ya juu tangu neno la kwanza, umesimama mahali pa juu kabisa pa chombo, antena imesimama wima. Mtu akiilaza antena kwenye bega huku anaomba msaada, anapoteza zaidi ya alichopata kwa kubonyeza H.